Maji Gani Haya?

Baba mdogo alinifundisha kupima oili kabla ya kugusa kitu kingine chochote botini. Kwa hiyo alfajiri ile pale Kilindoni, kisiwani Mafia, maji yakiwa yamejaa na abiria watatu wa kwenda Nyamisati, ng'ambo ya bara, wameshakaa juu ya magunia ya nazi, nilichomoa dipstiki, nikaifuta, nikairudisha, nikaichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili. Oili ya injini nzima haipandi. Hupungua au hubaki pale pale. Na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa.

Nilimwita. Akainama kwenye chumba cha injini, akaisugua oili ile kati ya kidole gumba na cha shahada, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niwashushe abiria.

Maji na oili vikitulia hujitenga, kila mtu aliyeosha sufuria anajua. Lakini ndani ya injini havipati nafasi ya kutulia. Krenkshafti, ile shafti kuu ya injini, inavichapa mara elfu na zaidi kwa dakika, mpaka vinashikana na kuwa uji mweupe mzito. Uji huo haulainishi beringi, vile vikalio vinavyobeba shafti hiyo. Na injini ikizimwa ikalala usiku, maji yanayojitenga hushuka chini ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa sababu ni mazito kuliko oili, na chini ndiko pampu ya oili inakovutia. Asubuhi ukipiga stata, kitu cha kwanza kufika kwenye beringi ni maji. Ndiyo maana baba mdogo hakutaka hata kuiwasha ili "tuone".

Jina la ugonjwa lilitajwa kabla ya mgonjwa kupimwa. Fundi wa kwanza alisema "gasketi", ile inayoziba kati ya mwili wa injini (bloku) na kifuniko chake cha juu (hedi), akiwa bado amesimama mchangani, hajapanda botini. Wa pili akasema gasketi, au hedi imepasuka. Mimi nami niliamini, maana nilikua nikisikia hivyo: maji kwenye oili ni gasketi. Tukafungua silinda hedi. Ikavuka kwa boti ya jirani hadi Nyamisati, ikapanda basi hadi Dar es Salaam, ikasawazishwa uso kwa mashine Gerezani, na gasketi mpya ikanunuliwa Kariakoo. Siku kumi na moja. Ulikuwa msimu wa papa potwe, wageni wanatoka kwao mbali kuja kuogelea na samaki wale wakubwa mbele ya Kilindoni, na kila boti yenye injini ilikuwa na kazi isipokuwa ya kwetu. Hedi iliporudi tulifunga, tukamimina lita nane za oili mpya, tukaenda baharini. Siku ya tatu nikachomoa dipstiki. Chai ya maziwa.

Tukafungua tena. Hili linaniuma kuliko pesa iliyopotea. Tulikuwa na jibu moja, jibu hilo likashindwa, na tukalirudia lile lile. Hedi ilikuwa safi. Gasketi yenye umri wa siku tatu ilikuwa safi. Fundi akaanza kusema habari za bloku kupasuka, yaani injini nyingine, na injini nyingine kwetu ilikuwa na maana ya kuuza boti.

Aliyetuokoa alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye vyumba vya injini vya meli za mwambao, akarudi kisiwani kupumzika. Baba mdogo alimfuata nyumbani kwake. Mzee alikuja na tochi na chupa tupu ya maji ya kunywa, akapokea shikamoo zetu, akakaa kwenye ukingo wa boti bila kugusa spana. Swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Maji gani haya?"

Nikamjibu, "Maji tu, Mzee."

"Mwanangu, injini hii ina maji chumvi na ina maji baridi. Mgonjwa wako amekunywa yapi?"

Hakuna aliyekuwa amejiuliza hivyo. Injini ya kwetu ni dizeli ya silinda nne, na kama injini nyingi za ndani ya boti, ina njia mbili za maji zisizokutana. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huzunguka ndani ya bloku na hedi yakirudi kwenye tangi lake, kama maji ya rejeta ya gari. Maji ya bahari huvutwa na pampu kutoka chini ya boti, hupita kwenye vipoozeo, huchukua joto, kisha hutupwa nje kupitia ekzosi. Mtu akielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha. Gasketi ya hedi kwenye injini ya aina hii inazuia maji baridi. Bahari haifiki pale kabisa. Kama maji yaliyomo kwenye oili ni ya chumvi, basi hedi tuliyoisafirisha hadi Gerezani haikuwa na kosa lolote. (Zipo injini ndogo ambazo maji ya bahari yenyewe ndiyo hupita ndani ya bloku. Kwa hizo swali hili halisaidii, inabidi uanze na yale yanayofuata.)

Mzee alilegeza nati ya kumwagia oili chini ya sampu taratibu, nusu mzunguko, bila kuiwasha injini kwanza. Injini ilikuwa imelala siku nzima. Kilichotangulia kutoka hakikuwa oili, yalikuwa maji machafu yenye rangi ya kutu, karibu nusu kikombe, halafu ndipo ule uji. Aliyakinga kwenye chupa, akaifunga, akaiacha juani hadi alasiri ili kilichomo kijitenge vizuri. Baadaye akachota maji ya chini kwa bomba la sindano, akayaweka kwenye kijiko cha chuma, akakishikilia juu ya jiko la mkaa. Kijiko cha pili akatia maji ya bahari. Cha tatu, maji kutoka tangi la injini.

Maji ya bahari yana chumvi ya karibu gramu 35 kwa kila lita, kwa hiyo hata kijiko kimoja kikikauka kinaacha ukoko mweupe unaoonekana kwa macho. Kijiko cha maji ya tangi kilikauka kikabaki na ukungu mwembamba tu, chokaa ya kisima. Cha bahari kilikuwa cheupe. Na kile cha maji yaliyotoka kwenye oili kilikuwa na ukoko wa kijivu mnene, punje zake zinang'aa. Nilitaka kuuonja, Mzee akanipiga mkono. Oili chafu haionjwi, na kwenye matangi mengine watu hutia dawa ya kuzuia kutu ambayo ni sumu. Ukoko wenyewe ulitosha.

Siku hiyo hiyo tulianza kuusafisha ule uji, maana Mzee alisema chumvi ndani ya injini haisubiri kesho. Maji baridi yakikaa kwenye oili wiki moja ni hasara. Maji chumvi yakikaa wiki moja yanakula uso wa krenkshafti na kugandisha ringi za pistoni. Hedi tuliifunga kwanza, usiku, kwa taa. Kisha oili ya bei nafuu hadi alama, filta mpya, injini ikazunguka dakika chache bila mzigo hadi ipate joto, tukamwaga ikiwa bado moto. Ilitoka nyeupe. Mara ya pili ilitoka kahawia isiyong'aa. Mara ya tatu ilianza kufanana na oili, na ya nne ilitoka safi. Mtu asiyeweza kuiwasha injini yake siku hiyo, kwa kuwa betri imekufa au kitu kimevunjika, basi aijaze oili au dizeli mpaka juu kabisa ili hewa isiguse chuma chenye chumvi, na aandike kwa herufi kubwa juu yake kwamba isiwashwe. Ile oili chafu tuliitia kwenye madumu. Naomba sana tusiimwage ufukweni wala kwenye mikoko. Bahari ile ndiyo inayotulisha.

Sasa maji tulishayajua. Ikabaki mlango. Mzee alichukua kipande cha mkaa akachora njia ya bahari kwenye ubao wa staha: koki ya chini, pampu, kipoozeo cha oili, kipoozeo cha maji, kiwiko cha ekzosi, mafla, nje. Akaweka alama tatu. Katika njia yote hiyo, alisema, bahari na oili hukaribiana sehemu tatu tu. Kwenye pampu, kwa sababu imefungwa kwenye boksi la gia za taimingi na shafti yake inaingia ndani ya oili. Kwenye kipoozeo cha oili, ambako ukuta wa bomba jembamba la shaba ndio unaovitenga. Na kwenye ekzosi, ambako maji yakirudi nyuma yanaweza kupanda hadi vali, yakaingia silinda, yakapenya kwenye ringi hadi sampu.

Kisha likaja swali lake la pili: maji yanaingia lini? Injini ikizunguka, au ikilala?

Kipoozeo cha oili kilichotoboka kina tabia yake. Injini ikizunguka, msukumo wa oili ni mkubwa kuliko wa maji, kwa hiyo oili ndiyo inayotoroka, na nyuma ya boti utaona utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Injini ikizimwa, oili haina msukumo tena, na kama chumba cha injini kiko chini ya usawa wa bahari, maji ndiyo yanayoingia. Ekzosi nayo mara nyingi hufanya uharibifu wake injini ikiwa imezimwa. Pampu ni kinyume: shafti inapozunguka na maji yako chini ya msukumo, hapo ndipo inapovuja zaidi.

Tulitia oili safi, nikachora alama kwenye dipstiki kwa msumari. Tuliiacha boti ikielea usiku kucha, koki ya chini ikiwa wazi kwa makusudi. Alfajiri alama haikusogea hata unywele. Tukaiwasha ikiwa imefungwa nangani, ikazunguka saa moja na robo. Nyuma hapakuwa na utando wa rangi. Tukaizima, tukangoja oili ishuke, nikachomoa dipstiki. Imepanda.

Baba mdogo akasema, "Pampu." Mzee akakataa kulitaja neno hilo. Alisema ushahidi unaelekeza, haujahukumu. Akatufungulisha kipoozeo cha oili, tukaziba njia za maji, tukakitumbukiza kwenye beseni na kukijaza upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli. Hakikutoa povu hata moja. Hapo ndipo alipochukua spana.

Pampu ile ilipokuwa mezani nilijifunza kitu ambacho natamani kila mwenye boti akijue. Shafti yake hupita kwenye sili mbili, yaani pete za mpira zinazoibana. Moja iko upande wa bahari na inazuia maji. Nyingine iko upande wa gia na inazuia oili. Katikati yao kuna nafasi tupu, upana wa kidole, na chini ya nafasi hiyo mtengenezaji ametoboa tundu dogo linalotazama chini. Tundu hilo halina kifuniko wala bomba. Lipo ili sili ya maji ikichoka, matone yadondoke nje, kwenye ngama (chini kabisa ya boti, yanakokusanyika maji), uyaone na ubadilishe sili kwa gharama ndogo. Ukiona oili inadondoka hapo, ujue sili ya pili ndiyo iliyochoka.

La kwetu lilikuwa limezibwa kwa rangi.

Miezi mingi kabla ya hapo, boti ilipokuwa juu kwa kalafati, kuzibwa nyufa, tuliipaka injini rangi ya kijivu ili ipendeze. Brashi niliishika mimi. Niliipaka pampu vizuri kabisa, chini na juu, nikaziba tundu bila kujua kuwa ni tundu la maana. Sili ya maji ilipochoka, kama sili zote zinavyochoka, maji hayakupata pa kudondokea. Yakajaa ile nafasi ya katikati, yakaanza kuisukuma sili ya oili kwa nyuma. Na sili ya aina ile ina mdomo unaotazama upande mmoja. Imetengenezwa kuzuia oili isitoke, ukiisukuma kutoka mgongoni inainua mdomo na kupitisha. Kutoka hapo ni boksi la gia, na boksi la gia linamwagikia kwenye sampu.

Mzee alitumia waya mwembamba kulifungua tundu. Kisha akapitisha ukucha wake juu ya shafti, akanipa nami nipitishe. Palipokuwa pakikaa mdomo wa sili palikuwa na mfereji, haba, lakini ukucha unakwama. Sili mpya juu ya shafti ya namna hiyo haidumu, inatakiwa ishikwe mahali ambapo chuma bado ni laini au shafti ibadilishwe. Tulibadilisha shafti, sili zote mbili, oringi na impela. Vyote pamoja vilikuwa sehemu ndogo sana ya tulichotumia kwa hedi.

Yangekuwa maji baridi, safari ingekwenda njia nyingine, na hapo gasketi ingestahili kutajwa. Tangi la maji ya injini lingekuwa linapungua bila tone kuonekana nje. Ukiiwasha injini ikiwa haijapata moto, kifuniko cha tangi kikiwa wazi, ungeona mapovu yakipanda, na hosi zingekuwa ngumu kabla maji hayajapata moto. Hata hivyo Mzee hangefungua hedi kwanza. Yeye hushusha sampu pale inapowezekana, hutandika karatasi chini, hulijaza tangi upepo wa kiasi, halafu huangalia juu kwa tochi tone linatokea silinda gani. Likitoka chini ya laina, lile bomba la ndani ya silinda, ni oringi za laina, yaani pete zake za mpira, na ungebadilisha gasketi kumi usingeziponya. Na kama ule weupe uko kwenye kifuniko cha kumiminia oili tu, dipstiki ni safi na kipimo hakijapanda, hasa wakati wa masika na boti inayokwenda safari za dakika kumi kumi, hiyo ni jasho la injini isiyopata moto wa kutosha. Ipeleke safari ndefu, weupe utaondoka wenyewe.

Mlango wa tatu, wa ekzosi, niliuona mwaka uliofuata kwa shemeji yangu. Injini yake ilikuwa ngumu kuwaka, naye akawa anapiga stata, anapumzika, anapiga tena, karibu asubuhi nzima. Kila anapopiga, pampu inavuta maji ya bahari na kuyapeleka kwenye ekzosi, lakini injini haijawaka, kwa hiyo hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Mafla ikajaa, maji yakarudi nyuma hadi vali zilizokuwa wazi. Mara stata ikagoma: tak, kimya. Yeye akadhani betri, akaja kuazima ya kwetu.

Nilimkimbilia kabla hajaiunganisha. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikakuta silinda ina maji, na stata ina betri yenye nguvu, kinachokubali kupinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenkshafti. Tulitoa nozeli zote nne zinazonyunyiza dizeli, tukaizungusha injini kwa mkono kwa spana kubwa, na silinda ya tatu ikatema maji mpaka yakagonga dari ya chumba cha injini. Konrodi zilikuwa salama. Oili yake ilishaanza kuwa nyeupe, tukaimwaga mara nne kama tulivyofanya kwetu, siku ile ile. Injini ikigoma kuwaka, funga koki ya chini, piga stata, na uifungue mara tu inapowaka. Na kama injini iko chini ya usawa wa maji, hosi inayopeleka maji ya bahari kwenye ekzosi ipandishwe kitanzi juu ya usawa huo, chenye tundu la hewa kileleni, ili bahari isiendelee kujivuta yenyewe ndani baada ya wewe kuzima na kwenda kulala. Boti nyingi za kwetu zilizofungwa injini za lori hazina kitanzi hicho. Wakati wa bamvua, boti zikilala hapo nje, huwa nazifikiria.

Ile pampu yetu ilifanya kazi vizuri kwa kusi mbili. Wiki iliyopita, nikifua maji ya ngama, niliona chini ya tundu lile alama nyeupe ya chumvi, na ndani ya dakika tone moja likajikusanya, likaning'inia, likadondoka. Dipstiki ilikuwa safi, rangi ya asali. Nimeagiza sili mbili kutoka Kariakoo, zinakuja na basi la kesho.